Hodi Isiyo na Jina

Katika desturi za Waswahili hapana adabu iliyofundishwa mapema kuliko adabu ya mlango. Mtoto hajajua kuhesabu hata kumi, naye amekwisha kuambiwa kwamba nyumba ya watu haiingiwi kama shimo la panya. Mgeni husimama nje, pembeni mwa mlango wala si mbele yake, macho yake yasije yakatangulia mahali ambapo miguu yake haijaruhusiwa. Hupiga hodi. Akijibiwa karibu, huingia; asipojibiwa, hurudia mara ya pili na ya tatu; na baada ya hiyo ya tatu huenda zake bila ya kinyongo, kwa maana mwenye nyumba hana deni la kujieleza. Tena akiulizwa na walio ndani, "Nani?", haifai ajibu, "Mimi." Kila mtu ni mimi. Walimu wa vyuoni katika miji ya pwani walilikemea sana jibu hilo; walitaka mtu ataje jina lake, na jina lisipotosha, ataje jina la baba yake na mtaa atokao.

Adabu hiyo haikuwa pambo tu. Aliyebisha hodi alikuwa amekwisha kupata taabu ya kuja kwa miguu yake, alijitaja, na sauti yake ilitambuliwa na wenyeji kabla uso wake haujaonekana. Taabu, jina na sauti vilikuwa mabawabu wa nyumba, ingawa hakuna aliyewalipa mshahara. Historia ya simu zisizotakiwa, zile zinazopigwa na mashine, pamoja na ule ujumbe mfupi unaotumwa kwa maelfu ya watu wasiomjua mtumaji, ni historia ya jinsi mabawabu hao walivyoondoka mlangoni, kila mmoja kwa wakati wake.

Neno simu lenyewe lina kumbukumbu ya mambo hayo. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya waya. Na Waswahili walilitumia kwa habari zipelekwazo kwa waya kabla ya kulitumia kwa chombo cha kusemea. Mzee wa zamani aliposema kwamba amepata simu, aghalabu alikuwa na karatasi mkononi, na uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Maana simu haikuja ila kwa msiba, au kwa jambo lisiloweza kungoja meli ya barua. Waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, na tangu siku hizo maneno yaliuzwa moja moja, kama lulu. Mtu aliyelipa kwa neno hakuthubutu kutuma hata salamu ndefu kwa ndugu yake, sembuse tangazo la bidhaa kwa mtu asiyemjua. Bei ilikuwa bawabu mkali.

Hata hivyo, palikuwa na matajiri walioweza kumpita. Mwishoni mwa Mei 1864, mjini London, baadhi ya watu wakubwa wa siasa waligongewa milango usiku na matarishi wa simu. Msomaji aweza kuwaza jinsi bahasha zile zilivyofunguliwa: nani amekufa, serikali gani imeanguka? Ndani yake walikuta kwamba madaktari fulani wa meno wa mtaa wa Harley watapokea wagonjwa tangu saa nne asubuhi hata saa kumi na moja jioni, mpaka mwezi wa Oktoba. Mmoja wa waliosumbuliwa aliandikia gazeti la The Times akiuliza kwa hasira ni kwa haki gani watu wale wamemtoa kwenye starehe ya nyumba yake kwa habari ya meno.

Kisa hicho kidogo kina mbegu ya yote yaliyofuata. Bahasha ilifunguliwa upesi kwa sababu ya hofu, na hofu ile ilikuwa imejengwa na simu za kweli, simu za misiba na vita, zilizotumwa na watu wengine kwa muda wa miaka mingi. Madaktari wa meno walikopa heshima ambayo hawakuichuma. Kila tangazo lisiloitwa, tangu siku ile mpaka leo, hula mtaji wa namna hiyo, nalo hula bila kurudisha.

Alexander Graham Bell alipopata hati ya chombo chake mwaka 1876, nyumba ilipata mlango wa pili. Mlango huu ulikuwa na kengele ambayo haikusubiri karibu ya mtu; ililia mpaka anyanyuke. Lakini katikati ya mpigaji na mpigiwa alikaa mtu, mfanyakazi wa kituo cha simu, aliyeunganisha nyaya kwa mikono yake. Huyu aliijua sauti ya daktari na ya mwenye duka, tena alijua nani amelala na nani yuko safarini. Alikuwa bawabu wa mji mzima. Kuondoka kwake kuna kichekesho chake. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mtu wa Kansas City aliyekuwa na kazi ya kuzika maiti, alishuku kwamba mfanyakazi wa kituo anawaelekeza wafiwa kwa mshindani wake. Basi akabuni mashine ya kuunganisha simu bila mkono wa mtu, akapata hati yake mwaka 1891. Ikiwa kisa ni kweli kama kisimuliwavyo, bawabu alifukuzwa kwa tuhuma ya kuwapeleka wageni nyumba ya jirani, na tangu hapo wageni wakaingia wapendavyo.

Pamoja na hayo taabu ya mpigaji ilibaki. Mtu aliyetaka kuuza vyerehani kwa simu ilimlazimu azungushe namba kwa kidole chake, aseme kwa kinywa chake, atukanwe kwa masikio yake. Kwa siku moja hakuweza kuwasumbua watu wengi. Huko Marekani taabu hii ndiyo iliyoondolewa katika miaka ya 1980, mashine zilipofundishwa kupiga namba zenyewe, moja baada ya nyingine kwa mfululizo wake, na kuwasomea wapokeaji maneno yaliyorekodiwa katika utepe. Mashine haikujua tofauti ya duka na hospitali. Bunge la Marekani liliarifiwa juu ya mashine zilizopitia mfululizo wa namba za hospitali, zikalia vitandani kwa wagonjwa na kuziba njia za simu za dharura. Tena nyingine hazikukata mpokeaji aliporudisha mkono wa simu mahali pake, hata mtu mwenye nyumba inayoungua aliweza kukuta sauti ya muuzaji ingali inasema ndani ya waya wake. Seneta Ernest Hollings wa South Carolina alizilalamikia simu hizo kwamba zinawaamsha watu asubuhi, zinawakatiza chakula cha usiku, na kuwatoa vitandani wazee na wagonjwa. Sheria ilipitishwa, na Rais George H. W. Bush akaitia sahihi tarehe 20 Desemba 1991. Ilimpa mtu aliyesumbuliwa haki ya kudai dola 500 kwa kila simu, na hata dola 1,500 ikiwa mpigaji alivunja sheria kwa kusudi.

Sheria hiyo ilikuwa nzuri. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara, mtu mwenye ofisi na jina mlangoni, anayeogopa mahakama. Ndivyo ilivyokuwa pia daftari kubwa la taifa lililofunguliwa tarehe 27 Juni 2003, ambamo kila asiyetaka kupigiwa na wauzaji aliweza kuandikisha namba yake. Katika siku nne za kwanza ziliandikishwa namba milioni 10, idadi ambayo yatosha kuonyesha jinsi watu walivyokuwa wamechoka. Leo daftari hilo lina namba zaidi ya milioni 240. Wanasiasa walijitoa katika katazo hilo, pamoja na vyama vya hisani na waulizaji wa maoni. Jambo la kwanza halikumshangaza mtu yeyote. Wafanyabiashara wengi walitii. Kwa miaka michache nyumba za Marekani zilipata kula chakula cha usiku kwa amani.

Kisha alikuja mgeni wa namna nyingine. Sauti ilipoanza kusafirishwa kwa intaneti, gharama ya kupiga simu ilishuka karibu na bure, na mpigaji hakulazimika tena kuwa katika nchi ambayo sheria zake alizivunja. La pili lilikuwa zito zaidi. Katika miaka ya 1990 simu za Marekani zilikuwa zimeenea kioo kidogo chenye kuonyesha namba ya anayepiga, na watu walishukuru kwamba hatimaye kengele imejifunza kujitaja. Lakini katika njia hizi mpya za intaneti mpigaji aliweza kujiandikia namba yoyote aipendayo. Walaghai wakachagua namba zinazofanana na ya mpigiwa, zenye tarakimu za mwanzo za mji wake, ili adhani ni jirani au ni mwalimu wa mtoto. Kile kioo kilichowekwa kumfichua mgeni kikawa vazi lake. Mtu mmoja wa Florida alionekana kuwa amepiga kwa hila hiyo simu zaidi ya milioni 96 katika miezi mitatu ya mwisho wa mwaka 2016, akijifanya ni makampuni yenye sifa katika kazi ya utalii. Na mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikamtoza faini ya dola milioni 120. Kutoza ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Gazeti la Wall Street Journal lilipopiga hesabu mapema mwaka 2019, lilikuta kwamba tangu 2015 tume hiyo imetoza faini za dola milioni 208 kwa makosa ya namna hii, na fedha zilizopatikana mkononi ni dola 6,790.

Makampuni ya simu yalitakiwa yaanze kuzitia simu saini ya siri ya tarakimu kabla ya tarehe 30 Juni 2021, ili kampuni inayopokea iweze kujua kwamba namba iliyoonyeshwa ni ya mpigaji kweli. Mfumo huo ulipewa jina la mzaha, STIR/SHAKEN, kwa kukumbuka kinywaji cha James Bond, jasusi wa sinema. Umesaidia kwa kiasi. Lakini saini hiyo yathibitisha tu kwamba namba ni ya aliyepiga. Kwamba aliyepiga ni mtu mwema, hilo hakuna saini iwezayo kulithibitisha, na mlaghai aweza kukodi namba halali kama apangavyo chumba.

Afrika ya Mashariki haikuzijua sana simu za mashine katika miaka hiyo, wala sababu yake haikuwa wema wa wafanyabiashara wake. Simu za waya zilikuwa chache, na simu za mkononi zilipoingia katika miaka ya 1990 dakika moja ya maneno ilikuwa ghali hata kwa mwenye mshahara. Watu walibuni kubipu: kupiga mara moja na kukata kabla haijapokewa, ili mwenye salio apige yeye. Kubipu kulikuwa hodi ya maskini, nayo ilikuwa hodi kweli, maana namba ilionekana na mpigiwa alikuwa huru kuitika au kunyamaza. Katika nchi ambayo mtu hapigi simu hata kwa mama yake bila kuhesabu senti, nani angepiga kwa watu elfu asiowajua?

Asiyeitwa alipitia mlango mwingine, mlango wa maandishi. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Mwanzo wenye adabu kuliko mambo yaliyokuja baadaye. Ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na makampuni yalipoanza kuuza ujumbe kwa vifurushi, mamia kwa bei ya soda, bawabu wa bei alikuwa amekwisha kufa. Yalikuja matangazo ya bahati nasibu, ya miito ya simu iliyo nyimbo, ya waganga wenye kurudisha mali zilizopotea, na ya vyama vya siri viahidivyo utajiri. Hayo yalikuwa kero, na mwenye akili timamu aliyafuta. Ila tarehe 6 Machi 2007 jambo kubwa lilitokea Kenya, likafuatwa na Tanzania mwaka 2008: simu ikawa mfuko wa fedha. Tangu hapo anayebisha hodi katika simu anabisha mlangoni pa sanduku.

Ndipo ulipozaliwa nchini Tanzania ujumbe ambao pengine ndio maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa na watu wengi kuliko mengine katika kizazi hiki: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Umekuwa utani wa mitaani, na hakuna mchekeshaji asiyeutumia. Hata hivyo wastahili kuangaliwa kama vile mwalimu wa lugha aangaliavyo sentensi ya mwandishi hodari, kwa kuwa aliyeutunga, awaye yote, aliijua lugha yake.

Kwanza, hauna salamu. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu ni kama mtu asiye na nguo; lakini watu wa nyumba moja hawaamkiani kila wanapopishana ukumbini. Kukosekana kwa salamu kwamwambia msomaji kwamba mazungumzo haya hayaanzi hapa, yalianza jana. Pili, na hapa ndipo ulipo ubingwa wake, kuna lile neno "ile". Mtungaji hakusema "nitumie hela," maneno ambayo yangeuliza swali na kupata jibu la hapana. Alisema "ile." Kiashiria hiki katika Kiswahili hakionyeshi tu kitu kilicho mbali na macho, huonyesha pia kitu kilicho karibu na kumbukumbu, kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wakijua. Anayesema "yule mtu" bila kumtaja ana yakini kwamba mwenziwe amekwisha kuelewa. Basi msomaji wa ujumbe, badala ya kujiuliza kama anadaiwa, hujiuliza ni ipi. Naye aliye na deni lolote moyoni, la kodi, la ada, la mchango wa harusi ya binamu, hulipata jibu mwenyewe na kulijaza mahali pake. Sarufi imekwisha kufanya kazi ambayo mwizi wa zamani aliifanya kwa bisibisi.

Tatu ni lile "jina litakuja." Makampuni yaliweka kinga nzuri: kabla mtumaji hajabonyeza namba yake ya siri, simu humwonyesha jina la mpokeaji, apate kulinganisha. Mlaghai aliichukua kinga hiyo akaifanya shahidi wake. Kwa kuwa ametangulia kulitaja jina, litakapotokea kwenye kioo litamtuliza mtumaji badala ya kumshtua. Kioo cha Marekani na jina la Tanzania viliwekwa na watu wasiojuana, kwa sababu zilizo karibu moja, navyo vilipatwa na jambo moja.

Namna nyingine za ujumbe huo ni nyingi. Uko unaojitia kuwa wa mwenye nyumba anayetaka kodi yake. Uko usemao kwamba namba ya kwanza ina deni, isitumiwe. Iko na simu ya sauti ya mtu anayejidai mwalimu, akisema mtoto ameanguka shuleni na dawa zinahitajiwa sasa hivi. Nchini Kenya watu wamezoea kusema kwamba simu ya namna hiyo "yatoka Kamiti", yaani gerezani. Katika namna zote hizi kuna jambo la kutazamwa na wale wasemao upesi kwamba anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Ujumbe wa bahati nasibu hutega tamaa, ni kweli. Ujumbe wa "ile hela" hutega uaminifu. Asiyelipa madeni hawezi kunaswa nao. Hunaswa mpangaji alipaye kodi kwa wakati, mzazi asiyetaka mtoto wake arudishwe nyumbani, dada aliyeahidi kuchangia matibabu ya baba na ambaye asubuhi ile ile alikuwa akingoja namba ya kutumia. Na fedha zikiisha kwenda, hasara yake ni mbili, maana deni la kweli lingali palepale.

Serikali hazikukaa kimya. Tanzania ilianza kusajili laini za simu mwaka 2009. Sheria ya mwaka 2015 ya makosa ya mtandao ilitaja waziwazi kosa la kutuma ujumbe usioombwa. Na tangu tarehe 1 Mei 2019 kila laini ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, mpaka tarehe 20 Januari 2020, ambapo zile zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Nia ilikuwa ile ile ya mwalimu wa chuo: abishaye ataje jina. Lakini jina laweza kuazimwa, tena mwenyewe asijue. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakikusoma, arudie. Na kwa kidole cha mara ya pili hufungua laini nyingine, ambayo huuzwa kwa mtu mwingine. Mkulima asiyewahi kumtapeli hata mnunuzi wa mahindi yake hushtukia polisi wakimtafuta. Ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano ikawataka watu wachunguze, kwa kubonyeza *106#, ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na wapeleke ujumbe wa utapeli kwenye namba 15040 ili namba iliyoutuma ifungiwe. Taarifa za mamlaka hiyo za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiko yatokako majaribio mengi zaidi ya ulaghai. Hilo limewaletea wenyeji wa huko utani usio wa haki, kwa maana mkoa wa wavuvi na wakulima hauwi mkoa wa wezi kwa ajili ya vijana wachache wenye simu nyingi.

Usumbufu mwingine hauna mwizi aliyejificha, una kampuni. Programu za mikopo zilipoenea katika simu, zilimtaka mkopaji afungue daftari lake la majina, naye alifungua bila kusoma masharti. Akichelewa kulipa siku mbili, ujumbe haukumfikia yeye peke yake. Uliwafikia mkwe wake, imamu au mchungaji wake, mkuu wake wa kazi, na mtu aliyemuuzia kabati mwaka uliopita, wote wakiarifiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu na wao ni wadhamini wake. Hawakuomba kujua. Kenya ilikataza fedheha hiyo kwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Katika nchi ambazo deni huzungumzwa faraghani, baada ya mwenye kudai kukohoa na kuomba samahani, hapana jambo la simu lililowaumiza watu kwa aibu kama hili.

Ilibaki sauti. Hata mtu aliyekataa namba na kushuku jina aliweza kusema: "Sauti ya mwanangu naijua." Mwezi wa Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa awali katika jimbo la New Hampshire, wapiga kura huko Marekani walipokea simu za mashine zenye sauti ya Rais Joe Biden, zikiwashauri wasiende kupiga kura. Rais hakuyasema maneno hayo. Sauti ilikuwa imetengenezwa kwa akili mnemba, kwa agizo la mshauri mmoja wa siasa, ambaye baadaye alitozwa faini ya dola milioni 6. Tarehe 8 Februari 2024 Tume ya Mawasiliano iliamua kwamba sauti za namna hiyo zimo ndani ya katazo la sheria ya mwaka 1991. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya utepe wa kaseti ilitosha kwa kazi hiyo kwa sababu waliotunga walikuwa wameandika, pamoja na sauti iliyorekodiwa, sauti "ya bandia". Neno moja lililongoja zaidi ya miaka 30 kupata maana yake kamili.

Hasara ya mambo haya yote huhesabiwa kwa fedha zilizoibwa, nayo ni hesabu pungufu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yakienea Marekani, watumishi wa afya waliajiriwa kuwapigia simu watu waliokaribiana na wagonjwa, wawatahadharishe. Wengi hawakupokea. Walikuwa wamefundishwa, kwa miaka mingi ya kusumbuliwa, kwamba namba wasiyoijua ni ya muuzaji au ya mwizi. Na simu iliyokuwa na habari ya uhai wao ililia mpaka ikanyamaza. Kile walichokopa madaktari wa meno wa mtaa wa Harley mwaka 1864 kilikuwa kimekwisha kabisa hazinani.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika simu neno hilo limegeuka: namba ngeni ni namba ya kuogopwa, na mama mwenye busara huiacha ilie. Mtoto wake aliye chuoni Dodoma, au kibaruani Muscat, akipoteza simu yake na kuazima ya mwenziwe, hupiga mara tatu bila kuitikiwa. Mara ya nne hupokewa, naye husema, kwa haraka ya mtu anayetumia salio la mwingine, "Mama, ni mimi." Mama huitambua sauti, na kuitambua hakumpi tena raha. Kabla ya kuitikia shikamoo yake humwuliza yule mbuzi mwenye pembe moja waliyekuwa naye shambani kwa bibi alikuwa akiitwa nani, kisha hungoja, simu ikiwa sikioni, asikie kama huko upande wa pili kuna anayekumbuka.